Modeli ya treni ya abiria Mombasa–Nairobi: njia ya 12 mm au 16.5 mm?

Mpenda_Reli
Wakuu, salamu. Naunda modeli ya treni ya abiria ya Mombasa–Nairobi ya enzi za East African Railways (EAR), kichwa kiwe Garratt (injini ya mvuke yenye viungo) ya daraja la 59. Meza ni plaiwudi ya mita 2.4 kwa 1.2, njia ya mviringo na stesheni moja. Nimegota kwenye skeli: 1:76 au 1:87? Na upana kati ya reli mbili uwe 16.5 mm, njia ambazo ndizo rahisi kupatikana, au za 12 mm? Garratt ndefu vile itapita kona za meza hii? Tena, mabehewa mawili ya majaribio, yaliyochapwa kwa resini, yanaruka reli kila yakifika kwenye pointi (pale njia inapogawanyika). Nianze kukagua wapi?

Taruma_la_Chuma
1:87 juu ya njia ya 12 mm, mkuu. Reli ya zamani ina upana wa mita moja: gawa 1,000 kwa 87, unapata 11.5 mm. Njia ya 12 mm inakosea kwa nusu milimita tu, jicho halioni. Ile ya 16.5 mm zidisha kwa 87 uone: ni 1,435 mm, upana wa SGR (reli ya kisasa) kamili. Ukiweka behewa la EAR juu yake, magurudumu yatajitanua na sura yote ya reli nyembamba itapotea. Kwa 1:76 ungehitaji njia ya 13.2 mm ambayo ungelazimika kuijenga mwenyewe. Ukitumia 12 mm unapata reli ya futi tatu. Faida nyingine ya 12 mm: TAZARA ina upana wa 1,067 mm, sawa na 12.3 mm kwa 1:87. Kwa hiyo siku ukitaka behewa la TAZARA, njia ni hiyo hiyo.

Ila kuwa makini unaponunua. Njia za 12 mm ziko za aina mbili. Za TT zimetengenezwa kwa skeli ya 1:120, mataruma yake ni mafupi na yamesongamana. Tafuta zilizoandikwa H0m, yaani reli ya mita moja kwa 1:87. Watengenezaji Peco na Tillig wanazo. Mataruma ya njia hizo yana sura ya mbao, na yetu mengi yalikuwa ya chuma yenye ncha zilizoinama kuingia kwenye kokoto. Piga ncha tupa kidogo kwa mshazari, paka rangi ya kutu, kisha kokoto zifunike ncha hizo. Kazi ya jioni mbili, lakini hiyo ndiyo inayomfanya mtazamaji aseme hapa ni Voi.

Sasa meza. Upana ni 1,200 mm. Acha 50 mm kila ukingo, nusu kipenyo cha kona kinakuwa 550 mm. Behewa la mita 18 kwa 1:87 lina 207 mm. Ukitaka lipite bila matatizo, kona iwe angalau mara mbili na nusu ya urefu wake, yaani 520 mm. Umepona. Lipendeze pia ukilitazama kwa ndani ya kona? Hapo ni mara tatu, 620 mm, na meza hairuhusu. Ficha kona moja nyuma ya kilima.

Usiweke mlima wa kupandia. Njia halisi ya Mombasa–Nairobi ina mwinuko wa hadi 1.5%, ambao ni 15 mm kwa kila mita. Ili treni ipite juu ya nyingine unahitaji kama 65 mm, yaani mita 4.3 za kupanda na nyingine kama hizo za kushuka. Mviringo wako wote hauzidi mita 5.9.

Injini_5918
Kuhusu 59: halisi ina futi 104, karibu mita 31.7, kwa hiyo modeli itakuwa 365 mm. Urefu huo usikutishe. Garratt ni fremu tatu. Injini mbili za 4-8-2 (magurudumu 4 ya kuongoza, 8 ya kuendeshea, 2 ya kubeba) ziko mbele na nyuma, bila ya boila juu yake, na boila inaning'inia katikati juu ya egemeo mbili. Kinachobana kwenye kona ni ekseli nne za kila injini peke yake. Magurudumu ya kuendeshea ni futi 4 na inchi 6, yaani 15.8 mm kwa 1:87. Ekseli ya pili na ya tatu zipe mchezo wa pembeni wa nusu milimita kila upande.

Weka mota mbili za aina moja, moja kwa kila injini, ziunganishwe sambamba. Ziendeshe kwanza kila moja peke yake kwenye mviringo na upime muda. Zikitofautiana sana, moja itaburuzwa na kuungua. Chukua umeme kwenye magurudumu ya injini zote mbili. Nyaya za kuunganisha fremu ziwe laini sana na zipite karibu na egemeo, maana waya mgumu huinua injini na kuitoa relini, na mtu huishia kulaumu reli.

Boila huingia ndani ya kona. Egemeo zikiwa 170 mm kati yao, kwenye kona ya 550 mm katikati ya boila inaingia 6.6 mm. Pima kabla ya kugundisha jukwaa la stesheni.

Zilijengwa 34 na Beyer, Peacock wa Manchester, 1955 na 1956, rangi ya damu ya mzee, kila moja ikiwa na jina la mlima. 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena ziko makumbusho ya reli Nairobi. Kapige picha za pembeni kabisa ukiwa na fito ya mita moja ndani ya picha. Amua na mwaka unaoiga, kwa sababu baadaye ziliwekewa bomba bapa la moshi la Giesl, na ukikosea hapo kichwa kizima kinakosea.

Fundi_Bogi
Mabehewa kuruka kwenye pointi, kagua kwa mpangilio huu.

Kwanza nafasi kati ya migongo ya magurudumu. Tumia kipimo cha chuma cha H0m. Gurudumu moja likiwa limesogea hata robo milimita, litagonga ncha ya pointi.

Pili, resini. Bogi (nasema fremu yenye magurudumu, si behewa zima kama tunavyosema mtaani) hupinda likianikwa kwenye mwanga kabla halijatulia. Liweke juu ya kioo: magurudumu yote manne yaguse. Likicheza kama meza yenye mguu mfupi, chapa jingine, kulikunja hakudumu.

Tatu, skrubu. Bogi la upande mmoja likazwe lisiinamie pembeni, ligeuke konani na kunyumbuka mbele na nyuma tu. La pili liachwe legevu linyumbuke kote. Hapo behewa linasimama kwenye nukta tatu, kama kigoda. Yote mawili yakikazwa, pointi itakutoa tu.

Nne, uzito. Resini ni nyepesi mno. Kwa behewa la 207 mm lenga kama gramu 110, vipande vya madini ya risasi vikae sakafuni, kamwe si kwenye paa.

Viungio vifungwe kwenye bogi au kwenye utaratibu unaorefuka konani. Ukivifunga kwenye mwili wa behewa, kona ya 550 mm itasukuma behewa nje ya reli.

Mpenda_Reli
Shukrani sana. Mchanga wa ufukweni wafaa kwa kokoto? Na treni iwe na mabehewa mangapi?

Taruma_la_Chuma
Sehemu iliyonyooka ni 1,200 mm tu. Kila behewa na kiungio chake ni kama 217 mm, hivyo matano yanakaa jukwaani (1,085 mm) na Garratt inasimama mbele, ikiwa imeingia kwenye kona.

Mchanga wa baharini una chumvi na utakula maungio ya reli. Osha mara tatu kwa maji yasiyo na chumvi, anika, chekecha upate punje za chini ya 1 mm, kisha pitisha sumaku: punje za chuma huvutwa na mota na kuiua. Gundi nyeupe changanya na maji, moja kwa tatu, tone la sabuni ya vyombo. Plaiwudi ipake vanishi pande zote mbili kwanza. Unyevu wa pwani huitanua kuliko joto linavyotanua reli, kwa hiyo acha 0.5 mm kwenye kila maungio, na kila kipande kiwe na waya wake wa umeme.