Mdogo wangu yuko Chicago, simu hashiki. Nifanyeje?

Bint_Kibokoni, 10 Julai 2020
Asalaam aleikum wanabaraza. Mdogo wangu asoma Chicago, mwaka wa pili. Tangu Machi chuo kifungwe, amebaki bwenini na watu wawili watatu, masomo ni ya kompyuta tu. Ndege zetu zilisimama tarehe 25 Machi, na hata sisi huku Mji wa Kale, Mombasa, tulifungiwa mwezi wa tano, hatoki mtu. Idd aliila peke yake chumbani. Wiki hii tena Marekani imetangaza kuwa mwanafunzi wa kigeni ambaye masomo yake yote yatakuwa ya mtandaoni muhula ujao hatabaki nchini. Toka alisikie hilo, simu hashiki. Akishika ni "niko sawa, dada", basi. Mchana alala, usiku akesha. Mama asema ni uvivu, na dhahabu yake ndiyo iliyolipa karo. Nishikeni mkono.

Nahodha_Likoni
Aswali, aache simu. Sisi twapanga foleni ya feri na korona hii na hatulii.

Mwana_Kisauni
Nahodha, wewe una mke wa kukupakulia. Dada, mimi niko Kuala Lumpur, tulifungiwa tangu 18 Machi. Usimuulize "uko sawa?", jibu walijua. Mimi nilikuwa naona haya, watu wamejinyima kwa ajili yangu, nitalalamika vipi? Shangazi aliiweka simu jikoni akikuna nazi, wala hanisemeshi. Siku ya nne nikalia, nikasema yote.

Muuguzi_Mvita
Hali hiyo ikipita wiki mbili si uvivu. Muulize waziwazi kama awaza kujiua. Swali halimpandikizii wazo ambalo hana. Akikubali, usikate simu, na mtu akabishe mlango wake saa hiyo hiyo. Una namba ya mwenzake bwenini? Vyuo vingi vya huko vina washauri wa wanafunzi, na siku hizi wazungumza nao kwa simu.

Bint_Kibokoni, 15 Julai
Ile amri imefutwa jana. Nilidhani atafurahi, akasema "haya". Namba ya mwenzake ninayo. Lile swali nimeuliza, mkono watetemeka. Alinyamaza sana, kisha: "Si kufa, dada. Nimechoka." Yeye na mshauri wazungumza Ijumaa. Simu naiweka jikoni saa kumi na moja jioni, kwake saa tatu asubuhi, imebidi aamke. Mama bado ajifanya hasikii, lakini jana alipita akamwambia pweza amepanda bei.