Dreamcast yajizima yenyewe, na mzee wangu ataka kuendesha foklift tena

KijanaWaKuze

Assalaam aleikum wanabaraza, na wengine wote hamjambo.

Nina Dreamcast, ile mashine ya gemu ya Sega, tangu mwaka 2001. Shida yake ni hii: naiwasha vizuri, ule mzunguko wa buluu waja, gemu yaingia, halafu baada ya dakika 10 au 20 yarudi kwenye menyu yenyewe bila mtu kugusa kitu. Hata ukiigonga meza kidogo, yarudi. Juzi niliipeleka kwa fundi mmoja mjini, hata kifuniko hakufungua. Akaniambia hicho kipe watoto wachezee, nunua kitu cha siku hizi. Niliitia kwenye mfuko wangu nikarudi nayo nyumbani. Kuitupa siwezi, na sababu yake ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Ami yangu alikuwa baharia. Mwaka ule meli yao ilitia nanga Uingereza, na Sega ilikuwa imeshatangaza mwezi wa Januari kwamba baada ya Machi 2001 Dreamcast haiundwi tena. Madukani bei ikaanguka. Akaniletea mashine, pedi mbili za kuchezea, na gemu tatu: Crazy Taxi, Virtua Tennis na Shenmue. Nilikuwa na miaka 14. Wenzangu pale Kuze, Mombasa, walikuwa na zile za kaseti za kuiga, zilizoandikwa gemu 999 na zote zajirudia. Mimi nikawa nina mashine yenye matundu manne ya pedi, modemu ndani yake, na kadi ya memori yenye skrini yake ndogo ambayo waweza kuichomoa ukaenda nayo shule. Hiyo ni mashine iliyotoka Japani tarehe 27 Novemba 1998. Modemu sikuwahi kuitumia, laini ya simu ya nyumbani ilikuwa ya kupokelea habari za msiba na harusi, si ya mtoto kuchezea.

Baba alikuwa dereva wa foklift, lile gari la kuinulia mizigo, bandarini Kilindini. Gemu hakuzitaka kabisa. Akirudi zamu ya usiku akanikuta mbele ya TV, alikuwa akipita bila kusema neno, na kule kutosema ndiko kulikoniumiza.

Sasa Shenmue. Kwa asiyeijua: ni kazi ya Yu Suzuki wa Sega, yule aliyetengeneza Hang-On na Space Harrier mwaka 1985. Kijana aitwaye Ryo Hazuki aishi Yokosuka, mji wa bandari Japani, mwaka 1986. Baba yake auawa mbele ya macho yake, naye aanza kumtafuta muuaji. Lakini hatafuti kwa bunduki. Atembea mtaani akauliza watu. Abisha hodi. Afungua droo, atoa kitu, akakigeuza mkononi akakiangalia. Duka lafungwa usiku na mwenye duka aenda kwake, ukimtaka urudi kesho. Kuna kipaka kando ya hekalu dogo ambacho wakilisha. Na kuna siku nzima Ryo azunguka akiuliza mabaharia huwa wanakaa wapi. Mimi mtoto wa baharia kwa upande wa ami, na wa mtu wa bandari kwa upande wa baba, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nyumbani kwetu Mji wa Kale na mtu wa Japani akiuliza hilo. Sijawahi kuona gemu nyingine iliyodhani kwamba mtaa kama wetu watosha kuwa hadithi.

Kwenye diski ya tatu Ryo apata kazi bandarini. Kazi yenyewe: kuendesha foklift, kuhamisha makasha kutoka ghala hili mpaka lile, na kulipwa kwa idadi ya makasha.

Baba alikuwa akipita na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Akasimama. Akatazama kitambo. Kisha akasema, "Mbona mzigo autembeza juu hivyo? Shusha karibu na ardhi ndio uende." Nikamwambia siwezi kuchagua. Akaweka kikombe chini, akakunja kanzu, akakaa kando yangu, akanyoosha mkono. Pedi ile hakuwahi kuishika maishani. Vile vidole vyake, vinene na vikavu kwa kazi, nikamwekea kimoja kimoja mahali pake: hiki hapa kulia chini, ndipo penye gesi. Kasha la kwanza aliligonga ukutani. La tatu akaliweka sawasawa kwenye mstari, akatoa pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Tangu usiku ule alicheza kila alipokuwa na nafasi, ila foklift tu. Hadithi hakuitaka isogee. Nikitaka Ryo alale ili nihifadhi, akinizuia, kwa sababu siku za kazi zingepita zikaisha. Yale mashindano ya foklift ya asubuhi aliyachukia, akisema dereva anayeshindana na foklift bandarini hafai kupewa ufunguo. Mwishowe ami akaniletea kadi ya memori ya pili. Moja ikawa yangu ya kumalizia hadithi, nyingine ikabaki ya baba, Ryo akiwa bado ni mfanyakazi wa bandari.

Baba sasa ana miaka 73, amestaafu, magoti yamsumbua. Ijumaa iliyopita tukila pilau akaniuliza, "Ile foklift yangu iko wapi?"

Basi naomba: ni nini kinachoizima? Na kadi ile ya baba yalia mlio mrefu kila nikiwasha mashine, naogopa kazi yake imefutika. Na mwenye kuipenda Sega aje tuzungumze, kwa maana mashine iliyouzwa takriban milioni 9 huku PS2 ya Sony ikipita milioni 150, watu wake wachache lazima wajuane.

FundiWaTudor

Wa aleikum salaam. Usiitupe, na huyo fundi msamehe.

Kujirudisha kwenye menyu ni ugonjwa unaojulikana wa Dreamcast. Ndani kuna bodi ya umeme, ile ambayo waya wa ukutani unaingia. Imekaa juu ya safu ya pini zinazotoka kwenye bodi kubwa, na umeme wote wa mashine unapita hapo. Pini zikishika ukungu wa kutu, mguso unakuwa hafifu, umeme unakatika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na mashine inaanza upya. Ndiyo maana ukigonga meza inarudi. Sasa weka hiyo pini miaka zaidi ya 20 Mji wa Kale, madirisha wazi, chumvi ya bahari inaingia mchana na usiku. Hapa pwani mimi hata redio nazifungulia mguso kwanza kabla sijashuku kitu kingine.

Chomoa waya ukutani uiache saa moja, kapasita ya bodi ile hubaki na moto na inaweza kukurusha. Toa modemu, kwa sababu skrubu moja imejificha chini yake, kisha fungua zote nne. Ukishainua kifuniko utaiona bodi ya umeme. Fungua skrubu zake, ivute juu moja kwa moja bila kuipinda. Pini zitabaki zimesimama. Chukua pamba na spiriti safi, ile ya asilimia 90 na zaidi, usitumie maji wala mafuta ya taa. Futa kila pini pande zote. Pamba itatoka nyeusi. Halafu kwa koleo ndogo zilaze pini kidogo mno upande mmoja, upana wa uzi, ili bodi ikirudi ibane. Rudisha. Usiguse sehemu nyingine ya bodi ile.

Mzunguko wa buluu maana yake mashine yako ni ya soko la Ulaya, inakula 240 yetu bila shida. Nawaambia wengine wanaosoma: ya Japani ina mzunguko wa rangi ya chungwa na inataka volti 100. Ukiichomeka ukutani hapa bila transfoma umeiua.

Mlio wa kadi usikutie hofu. Ni betri zimekwisha, mbili za CR2032, zile bapa kama za rimoti ya gari. Betri ni za saa na skrini ya kadi tu. Kilichohifadhiwa kiko kwenye memori isiyohitaji betri. Kazi ya mzee ipo.

Ikija siku pedi zote zikafa kwa pamoja, usinunue pedi. Kuna fyuzi ndogo iliyoandikwa F1 kwenye bodi ya matundu ya pedi. Niandikie hapa.

LikoniFeri

Hadithi ya mzee imenigusa. Lakini tuseme ukweli, Dreamcast haikudhulumiwa. Sisi wa Likoni tulikuwa na PS2, unacheza gemu na unaangalia DVD kwa mashine moja, na mpira ulikuwepo. Dreamcast haikuwa na FIFA, ile gemu ya mpira, hata moja. Kijana wa miaka 14 bila mpira anafanya nini?

BintiMakadara

Kaka LikoniFeri, FIFA haikuwepo kwa sababu wenye gemu hiyo, Electronic Arts, walikataa kuitengenezea gemu mashine hiyo tangu mwanzo. Hilo si kosa la anayeicheza. Na Sega ilifika pale ikiwa tayari imepata hasara kwa Saturn, mashine iliyotangulia. Mwenyekiti wao, Isao Okawa, aliisamehe kampuni madeni na kuipa hisa zake kabla ya kufariki Machi 2001. Mtu hafanyi hivyo kwa kitu asichokiamini.

Mimi nataka kutaja gemu moja, Skies of Arcadia, ya mwaka 2000. Kaka yangu alikuwa na Dreamcast na nakala za kuchoma. Diski ya Sega hubeba takriban gigabaiti 1, sidi ya kawaida megabaiti 700, kwa hivyo waliochoma walikuwa wakipunguza muziki na video ili itoshe, na nyingi tulizozipata zilikuwa zimekatwa hivyo. Skies of Arcadia nilikuja kuipata ya asili baadaye, nikasikiliza muziki wote kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Nilikaa na menyu tu, sijaanza kucheza, nikisikiliza.

Ndani yake dunia haina bahari. Visiwa vinaelea angani na merikebu zinapita hewani. Vyse na Aika ni maharamia wanaopora wenye nguvu tu, kisha wanamwokoa Fina. Unasafiri mahali ambapo ramani haina kitu, na ukigundua jambo, unaenda kuiuza habari yake kwa chama cha mabaharia, na ukichelewa mwingine anakutangulia. Kuna kuta za upepo zinazofunga njia, merikebu haipiti mpaka uipatie injini bora. Bibi yangu alikuwa akitusimulia majahazi ya Ghuba yaliyokuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi, na namna watu walivyokaa wakingojea upepo ugeuke. Nilipofika kwenye ukuta wa kwanza wa upepo nikageuza merikebu kurudi, nilimkumbuka yeye.

Mtayarishaji wake ni mwanamke, Reiko Kodama. Ndiye pia aliyechora gemu ya Phantasy Star ya mwaka 1987 kwa Master System, mashine ya Sega ya zamani. Alifariki mwaka 2022. Nilipojua jina lake nilikuwa nimeshacheza kazi zake miaka mingi, na ninalitaja kila nikipata nafasi. Sasa limo humu pia.

Mwambie mzee namsalimu. Nami napenda gemu inayojua kwamba kubeba mzigo ni kazi ya heshima.

KijanaWaKuze

Nimerudi baada ya siku nne. Fundi, Mungu akuzidishie. Nilipofungua, pini ya pili na ya tatu zilikuwa na kitu cha kijani kama kilicho kwenye sarafu ya kale. Pamba saba nimetumia. Nimeipinda kila pini kidogo tu, mkono watetemeka. Nikafunga, nikawasha, nikaweka Crazy Taxi ikienda saa mbili mfululizo huku nikiigonga meza kwa makusudi. Haikurudi hata mara moja. Bado yaniuliza tarehe kila nikiwasha, lakini hilo naweza kuishi nalo mpaka nijifunze kuchomelea ile betri ya ndani.

LikoniFeri, kwenye mpira nakupa haki yako. Njoo siku moja tucheze Virtua Tennis wanne, uone matundu yale manne ni ya nini.

Kadi ya baba nimeitia betri mpya, mlio umekwisha. Nimefungua diski ya tatu. Kazi ipo. Ryo yuko chumbani kwake, asubuhi ya siku ya kazi, pale pale baba alipomwacha.

Nimemkalisha mzee kwenye kiti, mkekani hawezi tena. Nikataka kumwekea vidole, akanisukuma mkono kwa upole. Kasha la kwanza hakuligonga. Kijiti cha pedi kimelegea upande wa kushoto, foklift yavuta, naye ameshazoea kuirudisha kwa dole gumba. Mwenye pedi ya ziada ya kuuza aniambie. Alipomaliza zamu nikamuuliza kama nihifadhi.

Akasema, "Usihifadhi. Kesho niko kazini."

BintiMakadara, salamu zimefika. Hiyo Skies of Arcadia naomba niazime, Jumamosi baada ya alasiri nitapita Makadara na kadi yangu mfukoni.