Tupeane uzoefu: mafumbo ya namba, sudoku, kakuro na ndugu zake, ukikwama unatokaje bila kubahatisha?

MkaaBaraza, Lamu
Assalamu aleykum wadau. Hapa barazani Mkomani gazeti moja la jioni linapita mikono minne, na likimfikia wa nne limeshafutwa hadi limetoboka. Tupeane mbinu. Hadithi za "nilimaliza kwa dakika tano" zikae pembeni, mtu aseme anaanzia wapi na kosa hutokea wapi. Tuelewane majina: kila kijumba tukiite shimo, kama la bao. Mashimo 9 ya mraba mmoja mdogo ni chumba.

Kitanga_cha_Shela
Waaleykum salaam. Kwenye sudoku, ambamo kila mlalo, kila safu ya wima na kila chumba hupata 1 hadi 9 bila kurudia, usianze na shimo, anza na namba. Chukua iliyojitokeza sana, tuseme 6, upite nayo vyumba vyote 9 ukiuliza: humu 6 inaweza kukaa wapi? Zikiisha za bure, ndipo uandike wagombea, yaani namba zinazoweza kukaa shimoni, kwa maandishi madogo, na katika mashimo yaliyobakiwa na wawili au watatu tu. Ukijaza wagombea kila mahali mapema, macho hayaoni kitu.

Kisha tafuta pacha. Mashimo mawili ya mlalo mmoja yakiwa na 3 na 8 peke yake, hizo mbili zimeshapata wenyewe: zifute kwenye mashimo mengine yote ya mlalo huo. Na kama ndani ya chumba kimoja namba 6 inaingia mlalo wa juu tu, ifute kwenye mlalo huohuo nje ya chumba. Wengi hupata hatua ya kwanza wakasahau ya pili.

Kwa yale magumu: kama 4 katika mlalo wa 2 inaingia safu ya 3 au ya 7 tu, na katika mlalo wa 8 vilevile, basi 4 nyingine zote za safu hizo mbili futa. Mlalo mmoja utaichukua safu ya 3, mwingine ya 7, hakuna nafasi ya mgeni.

HesabuMalindi
Ustadh wa Shela kasema kweli. Niongeze: hesabu namba ulizopewa kabla ya kuanza. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin walithibitisha kwa kompyuta kwamba sudoku yenye jibu moja haiwezi kuwa na namba chini ya 17. Ukipewa 16, mchapaji ameruka moja, usijitese. Ila kufika 17 peke yake hakuhakikishi jibu moja.

Ile sudoku ya vizimba, yaani mashimo yaliyozungushiwa mstari na kupewa jumla yake, kumbuka kila chumba ni 45, ndiyo 1 hadi 9 zikijumlishwa. Vizimba vitatu vilivyo ndani kabisa ya chumba vikiwa 12, 9 na 17, na vimejaza mashimo 8, shimo la tisa ni 7. Hapo hujagusa penseli bado.

DadaWaBarani
Mie ni wa kakuro, ile ya kujaza mashimo ya mlalo au wima kwa namba 1 hadi 9 zisizojirudia mpaka zifikie jumla uliyopewa. Jumla zenye njia moja zikae kichwani. Mashimo mawili: 3, 4, 16 na 17. Matatu: 6, 7, 23 na 24. Manne: 10, 11, 29 na 30. Tafuta zinapokatana: mlalo wa 16 wenye mashimo mawili ni 7 na 9, wima wa 23 wenye matatu ni 6, 8 na 9. Pale wanapokutana ni 9, hakuna ubishi. Lakini 16 ikikatana na 24 usikimbilie, maana 7 na 9 zimo kote kuwili.

MkaaBaraza, Lamu
Shukrani dada. Na kenken, lile fumbo la vizimba ambamo namba hujumlishwa, hutolewa, huzidishwa au hugawanywa? Kuna kizimba chenye umbo la L, mashimo matatu, "4×" (yakizidishwa yatoe 4), mraba wa nne kwa nne. Watu wanasema kimekosewa.

HesabuMalindi
Hakijakosewa. Mwalimu wa Kijapani aliyelibuni mwaka 2004, Tetsuya Miyamoto, hakukataza namba kujirudia ndani ya kizimba, mradi zisiwe mlalo mmoja wala wima mmoja. Ncha mbili za L hazionani. Basi ni 1 nchani kote na 4 konani, au 2 nchani kote na 1 konani.

Kitanga_cha_Shela
Karatasi nayo: gazeti lililoshika unyevu wa pwani linachanika kwa penseli ngumu. Tumia 2B, na raba laini ifute upande mmoja, si kwenda na kurudi. Kalamu ya wino waachieni wanaojiamini.

DadaWaBarani
Haya, jaribio: mlalo wa 4, mashimo mawili, unakatana na wima wa 7, mashimo matatu. Shimo la makutano?

MkaaBaraza, Lamu
1. Mlalo una 1 na 3, wima una 1, 2 na 4.