Msaada: nachaguaje, nanunuaje na nalindaje jina la kikoa la duka la mtandaoni?

Uzi_na_Sindano (mleta mada):
Wakuu, naombeni ushauri. Ni duka la mtandaoni la vifaa vya kushonea. Majina ya kikoa (anwani ya tovuti, "domain") niliyonayo ni mawili. La kwanza ni .com safi, lakini lina mwenyewe na ukurasa umeandikwa "linauzwa". La pili liko wazi, ila lina kistari katikati. Fundi wa tovuti anataka kulisajili kwenye akaunti yake ili kazi iende haraka. Nishike lipi, na hilo la fundi lina ubaya gani?

Fundi_Seva:
Naanza na la fundi, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Usikubali. Kikoa ni cha yule aliyeandikwa kama mmiliki kwa msajili (kampuni inayosajili vikoa). Kutoa hela au kujenga tovuti hakukupi umiliki. Siku mkikosana huna pa kushika. Fungua akaunti yako, andika jina la biashara, kisha mpe fundi ruhusa ya kubadilisha rekodi za DNS tu (zinazoelekeza jina kwenye tovuti na barua pepe).

Barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ya kikoa hicho hicho. Kikoa kikiisha muda, barua pepe nayo inakata, kwa hiyo maonyo ya msajili na kiungo cha kubadili nywila havikufikii. Ni kama kujifungia nje na ufunguo umebaki ndani. Tumia anwani ya huduma nyingine, uweke uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu badala ya SMS, kwa sababu tapeli anaweza kuihamisha laini yako. Na ile barua ya kuthibitisha anwani baada ya kusajili usiipuuze: zikipita siku 15, kikoa kinaweza kusimamishwa.

Bi_Karani:
Kistari kinaruhusiwa, mradi kisianze wala kisimalizie jina. Shida yake ni mdomoni. Mtajie mtu jina hilo mara moja kwa simu, mwambie aandike. Atakayesahau kistari anaangukia kwa mwenye lile jina safi, na hata barua pepe za oda zitaelekea huko. Mimi nisingelichukua. Bora uongeze neno fupi, liwe jina jipya linalotamkika.

Kabla ya kulipa, tafuta pia kwenye daftari la alama za biashara. Tangu 1999 kuna utaratibu wa UDRP, wa kutatua migogoro ya majina ya vikoa: mwenye alama akithibitisha kwamba jina linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, kwamba huna haki nalo, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya, unanyang'anywa. Lazima yathibitike yote matatu.

Kipanga:
Ukilitaka la .com, lichunguze kwanza. Fungua lookup.icann.org uone tarehe ya kusajiliwa, tarehe ya kuisha na hali yake. Kisha nenda web.archive.org uone lilikuwa tovuti ya nini. Kama liliwahi kuuza dawa bandia au kamari, barua zako zinaweza kuishia kwenye taka kwa sababu ya dhambi za mtu mwingine.

Kukaa ukisubiri liishe muda ni kubahatisha. Kwa .com msajili anaweza kumpa mwenyewe hadi siku 45 za kulilipia upya, halafu kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa, halafu siku 5 za kufutwa. Na likidondoka, kuna programu zinazolivizia. Vikoa vya nchi vina kanuni zake, zisome kivyake.

Uzi_na_Sindano:
Ahsanteni sana. Muuzaji anasema nitume hela kwanza, ndipo anipe msimbo wa uhamisho (nywila ya kuhamishia jina kwa msajili mwingine).

Kipanga:
Hapana, mkuu. Tumieni wakala wa kushikilia malipo, na umchague wewe. Kiungo atakachokutumia muuzaji usikifungue. Hela ikishafika kwa wakala, muuzaji anaondoa kufuli linalozuia jina kuhamishwa (hali ya clientTransferProhibited) na kukupa msimbo, unauingiza kwa msajili wako. Uhamisho unaweza kuchukua siku 5. Kama mko kwa msajili mmoja, anakusogezea kwenye akaunti yako siku hiyo hiyo. Malipo yaachiliwe ukishaliona jina kwako na wewe ndiye mmiliki. Kama lilisajiliwa au kuhamishwa ndani ya siku 60 zilizopita, huenda likagoma kuhamia kwa msajili mwingine.

Fundi_Seva:
Likifika, rudisha kufuli siku hiyo hiyo na uwashe malipo ya kujirudia. Hayo nayo hukwama kadi ya benki ikiisha muda, kwa hiyo lipia miaka kadhaa, kikomo cha .com ni 10. Ukianza kutumia barua pepe za kikoa, kila mara unapotaka kubadili seva za majina (zinazotunza rekodi za DNS) nakili kwanza rekodi zote, hasa za MX, zinazoelekeza barua pepe. Ukizisahau, tovuti itafunguka vizuri huku barua za wateja zikirudi zilikotoka, na unaweza kukaa siku nzima bila kugundua.