Mjadala: Mkuu wa mkoa achaguliwe na wananchi au aendelee kuteuliwa?

Ndugu zangu, kila suala hili likiibuka huku Tanzania, jibu ni lile lile: mkuu wa mkoa ni jicho la Rais, akipigiwa kura nani atasimamia kazi za serikali kuu? Naielewa hoja hiyo, ila siikubali, na sababu yangu inaanzia mbali.

Gavana wa Kijerumani, von Götzen, aliketi Dar es Salaam akitaka pamba. Amri ikashuka kwa akida, wakala wa serikali aliyewekwa juu ya vijiji, akida akamshushia jumbe, mkuu wa kijiji, na mtu wa Umatumbi, kusini mwa nchi, akajikuta analima shamba la pamba huku lake limejaa magugu. Amlalamikie nani? Aliye juu ya akida ndiye aliyemtuma akida. Julai 1905, pale Nandete, watu waliingia shambani wakang'oa miche. Vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani ikaanzia hapo.

Mtasema Götzen alikuwa mbaya, angepatikana mwema. Alipatikana. Rechenberg aliyemfuata alitaka kumwinua mkulima mdogo wa Kiafrika, na walowezi wakampiga vita magazetini na kule Berlin. Mkulima yule hakuwa na kura wala msemaji wa kumtetea hata gavana aliyemfaa. Hilo huniuma kuliko ubaya wa Götzen.

Mwaka 1962 wakuu wa mikoa walichukua nafasi za makamishna wa majimbo wa Kiingereza. Bendera ilikuwa yetu tayari, ila amri iliendelea kutoka juu. Hadi leo Rais ndiye anayeteua, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inamruhusu mkuu wa mkoa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Masharti yapo, sikatai. Lakini kwa mama mwenye genge, saa 48 ni nyanya kuoza na watoto kulala kwa jirani.

Kenya wanachagua magavana tangu 2013, kaunti zote 47. Wizi haujaisha huko, ni kweli. Ila mabunge ya kaunti za Kiambu na Nairobi yaliwakataa magavana wao kwa nyakati tofauti, na mwaka 2020 Seneti ikawaondoa wote wawili. Kwetu, mkuu wa mkoa akiwaonea watu, diwani wao anaanzia wapi?

Kama kura mnaiona kubwa mno kwa sasa, basi tuanze kwa kufuta zile saa 48. Mnaopinga hata hilo, naomba sababu.