Naomba ushauri: najitolea kufundisha Kiingereza Thailand, watoto hawafungui midomo

Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni. Mimi ni mwalimu kutoka Morogoro. Huu ni mwezi wa pili najitolea shule ya msingi kijijini, mkoa wa Chiang Rai, kaskazini mwa Thailand.

Mengine nimeshazoea: viatu naviacha mlangoni, saa mbili asubuhi tunasimama bendera ikipanda, wali wa kunata naumega kwa vidole kama ugali. Shida iko darasani. Watoto wananiheshimu mno, wananisalimu kwa kuunganisha viganja na kuinama, lakini nikiuliza swali, kimya. Kukosea mbele ya wenzao ni aibu kubwa kwao, na mimi nilizoea kumsimamisha mtoto ajibu. Juzi mmoja alilia. Iliniuma sana.

Halafu Kithai kina toni tano. "Mai" ukiipandisha ni hariri, ukiishusha chini ni mpya! Ofisini walimu wanaongea lugha yao, jioni upweke unanizidi.

Mliofundisha ugenini, mliwazoeshaje watoto kuongea bila kuwaaibisha? Na lugha nianze na toni, au maneno ya sokoni kwanza? Muhula unaisha Machi, natamani wanisemeshe kabla sijaondoka.