Je, nyuki wa asili wafunguliwe mizinga kila wiki?

Mfugaji wa Sikonge:
Ndugu wafugaji, naomba ushauri wenu. Nimetundika mizinga ya magogo katika miombo, na mtu mmoja ananihimiza niifungue kila wiki, niwape nyuki maji ya sukari na niwawekee dawa ya varoa, utitiri unaoshambulia nyuki. Je, hayo yanawafaa nyuki wetu?

Mrina Asali:
Ndugu yangu, hayawafai. Nyuki hawa, Apis mellifera scutellata, hawavumilii bughudha: wakifukizwa moshi mara kwa mara na majana yao (mayai na watoto wa nyuki kwenye masega) yakapoa, huhama wote na kukuachia gogo tupu. Utitiri wa varoa ulibainika Kenya na Tanzania mwaka 2009, lakini makundi mengi yanaishi nao bila dawa. Ukiwatibu unayabakiza hata yaliyo dhaifu, na baadhi ya dawa hubaki katika nta. Simama kando ya mlango uangalie. Wakiingia na chavua miguuni, ni dalili kwamba malkia anataga.

Bibi Nyuki:
Naafiki, na naongeza jambo linaloniuma. Kurina masega yote, kisha kuwarudishia sukari, ni kuwadhulumu. Asali kwa kawaida hukaa mbali na mlango, kwa hiyo fungua upande wa nyuma, ukate masega yaliyozibwa kwa nta, na ukikuta majana usimame hapo hapo. Waachie akiba ya kiangazi. Mizinga ya magome nayo tuiache, kwa kuwa mti uliobanduliwa gome pande zote hufa, na miombo ndiyo inayowalisha.

Mfugaji wa Sikonge:
Ahsanteni sana. Sukari na dawa sitanunua.